Hukumu Isiyo na Sababu

Ndugu Wanachama,

Tuna neno zito la kuwaambieni, na twaomba mlisome mpaka mwisho wake kabla ya kukasirika. Tutawalaumu wakubwa wa afisi, kisha tutajilaumu sisi wenyewe, na huenda lawama ya pili ikawa nzito kuliko ya kwanza.

Alitujia mwenzetu mmoja, mtumishi wa miaka mingi, ambaye jina lake na afisi yake hatutavitaja. Mtu huyu aliomba kazi ya kusimamia dakhalia ya wanafunzi hapa Unguja. Alipeleka vyeti vyake vya masomo, akapeleka hati ya Polisi ya kuwa hana kosa lililoandikwa juu yake, akapeleka na barua za sifa za watu wawili wenye kuheshimiwa. Akangoja miezi mitatu. Mwisho akaletewa barua ya mstari mmoja, kuwa hakupewa ruhusa ya kufanya kazi inayohusu watoto. Hapana sababu iliyotajwa, hapana jina la aliyeamua, wala hapana mahali alipoelekezwa kwenda kulalamika. Alipoiweka barua ile juu ya meza yetu alisema maneno haya: “Nimeambiwa kuwa mimi ni mtu gani? Nikirudi nyumbani nimwambie nini mke wangu?”

Kamati iligawanyika siku ile. Wako waliosema, “Huyu ni mwenzetu, twamjua siku zote, na tuandike barua kali leo hii.” Na wako waliosema, “Jambo la watoto halichezewi. Yatupasa kunyamaza, tusije tukaonekana twatetea uovu.” Sisi tuandikao waraka huu twaona kuwa pande zote mbili zilikosea, na tutaeleza kwa nini.

Tuanze na barua yenyewe. Mtu aliyeandikiwa barua kama ile hukosi kuwa mmoja wa watu wawili: ama hana kosa, ama analo.

Tuseme hana kosa. Mji wetu mwaujua. Neno likisemwa Darajani baada ya adhuhuri, kabla ya laasiri limekwisha fika Malindi na Shangani, na likivuka kwenda Ng'ambo limeota mbawa na mkia. Watu wakisikia kuwa fulani amenyimwa kazi ya watoto, na sababu haikusemwa, kila mmoja atatia sababu yake mwenyewe, na haitakuwa ile iliyo ndogo. Huenda sababu ya kweli ilikuwa karatasi iliyopotea, au jina lake kufanana na jina la mwingine, au mkubwa mmoja alikuwa na kinyongo. Hayo hayatasemwa. Watu watasema lisemwalo lipo, na mtu huyo atakwenda sokoni na msikitini akibeba shutuma ambayo hakuna aliyemshitakia, wala hakuna wa kumfutia. Mtu aliyeshitakiwa mahakamani ana bahati kuliko yeye, maana huyo huambiwa kosa lake, na akishinda hutoka kwa mlango wa mbele.

Sasa tuseme kosa analo. Tuseme yako mambo yaliyojulikana na mkubwa fulani, na kwa ajili hiyo akamnyima. Je, barua ya mstari mmoja imemlinda nani? Imewalinda watoto wa dakhalia moja. Mtu mwenyewe amerudi kwenye meza yake ya zamani. Kesho ataomba kufundisha masomo ya jioni katika nyumba ya mtu, kesho kutwa atafungua skuli ya watoto wadogo mtaani, au atapata kazi ya kuendesha gari la kuchukulia wanafunzi. Kila atakakokwenda ataonyesha hati ile ile safi ya Polisi, na hapana atakayejua kuwa alikwisha kataliwa, wala kwa nini, kwa kuwa sababu haikuandikwa.

Basi tazameni, ndugu zetu. Kama hana kosa, barua ile imemdhulumu yeye. Kama analo, imewadhulumu watoto wa kila mahali pengine. Kwa hali zote mbili mtu mmoja tu ndiye aliyesalimika, naye ni yule aliyetia sahihi, kwa sababu asiyetoa sababu hawezi kuulizwa juu ya sababu yake. Kukataa bila ya kueleza huilinda afisi. Hakumlindi mtoto, wala hakumlindi mtumishi.

Wala mambo haya si mapya kwa watu wa kalamu. Wazee wetu waliotumikia Serikali ya Kiingereza walizijua ripoti za siri, zilizoandikwa na mkubwa juu ya mdogo bila ya mdogo kuonyeshwa, na mtu akanyimwa kupanda daraja asijue alilokosa. Mwaka 1922 watumishi wa Kiafrika walipokutana Tanga na kuunda chama chao cha kwanza katika Tanganyika, aliyewaongoza alikuwa Martin Kayamba, mtu aliyezaliwa hapa hapa kwetu, Mbweni, mwaka 1891. Vyama vya namna hiyo viliundwa ili mtumishi atendewe kwa kanuni, asitendewe kwa matakwa ya mtu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, katika ibara ya 13, imeweka wazi kuwa mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kinginecho ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo imesema kuwa watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mstari mmoja usio na jina wala sababu haulingani na maneno hayo.

Hiyo ndiyo lawama ya kwanza. Wale waliotaka barua kali watafurahi kuisoma. Lakini wasifurahi mbio mbio, kwani sasa twawageukia wao.

Mlisema, “Hati yake ya Polisi ni safi.” Na tuulizane: hati safi maana yake nini? Hati ya Polisi husema jambo moja tu, kuwa katika kumbukumbu hakuna kosa lililothibitishwa juu ya mtu huyu. Haisemi kuwa hakutenda. Na katika kisiwa hiki baina ya kutenda na kuandikwa pana bahari pana, na bahari hiyo twaiita muhali.

Muhali twaujua sote, maana tumelelewa nao. Mtoto hudhurika. Aliyemdhuru ni ami yake, au jirani, au mwalimu wake wa chuo, au rafiki wa baba yake. Usiku ule ule watu wazima hukutana barazani. Mmoja husema, “Sisi ni watu wa mlango mmoja.” Mwingine husema, “Mtoto wa kike atapata wapi mume jambo hili likienea?” Wa tatu husema, “Mtoto wa kiume ataitwaje na wenziwe?” Hutolewa fedha, au huombwa radhi, au huozeshwa mtoto. Ikiwa kesi ilikwisha fika kituoni, mashahidi hawaendi tena, na mama aliyeeleza yote wiki iliyopita leo husema hakumbuki. Asubuhi hali ya mtaa ni shwari, na hati ya mtu yule ni safi kama kanzu ya Idi.

Tusidhani kuwa haya ni mambo ya nadra. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi mkubwa juu ya ukatili kwa watoto, Bara na Visiwani, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Kwa Zanzibar, wasichana 6 katika kila 100 na wavulana 9 katika kila 100 walieleza kuwa walipatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana walizidi wasichana. Wangapi kati yetu tungalikisia hivyo? Twachunga mabinti zetu kwa mlango na komeo, na watoto wa kiume twawaacha wende popote na yeyote, tukijiambia kuwa mwanamume hapatwi na kitu. Na hao ni wale waliokubali kueleza.

Sheria tunazo, tena nzuri. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, iliweka maslahi ya mtoto mbele, na mwaka 2015 ilitunukiwa nishani ya dhahabu na baraza moja la ulimwengu linalochagua sheria bora. Mwaka 2018 ikaja Sheria mpya ya Adhabu, na mwaka 2021 zikaanzishwa mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji. Lakini jaji hawezi kuhukumu kesi ambayo imekwisha malizwa barazani. Sheria ni wavu, na muhali hutoboa tundu kabla wavu haujatupwa.

Kwa hiyo msituambie kuwa hati safi yatosha. Wenzetu wa Uingereza walijifunza hayo kwa gharama kubwa, na wako ndugu zetu wengi waliohamia huko ambao kila wanapoomba kazi ya skuli au ya kulea hupitia kwenye ukaguzi uliotokana na msiba huo. Mwezi wa Agosti 2002, katika mji mdogo uitwao Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtu aliyekuwa mtunza majengo wa skuli ya hapo. Mtu huyo hakuwa amepatikana mahakamani na kosa lolote la namna hiyo. Lakini katika jimbo alilotoka Polisi walikwisha pokea shutuma kadhaa juu yake na wasichana, na habari hizo hazikufika kwa waliompa kazi. Tume iliyoongozwa na Michael Bichard ilitoa ripoti yake mwaka 2004, sheria mpya ikatungwa mwaka 2006, na tangu mwaka 2012 kazi hiyo imewekwa chini ya idara moja.

Twapenda mzingatie kuwa Waingereza walifanya mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, walipanua habari zinazotazamwa, ili isiwe hukumu ya mahakama peke yake, bali na shutuma nzito zilizofika Polisi ziweze kupimwa. La pili, walimpa mtu anayetaka kukatazwa haki yake: kwa kawaida huandikiwa barua yenye sababu, hupewa wiki 8 za kujitetea, na akikatazwa anaweza kukata rufaa kwenye baraza la hukumu. Hatusemi kuwa wamekamilika, lakini waliona kuwa mambo haya mawili hayatengani. Ukitaka kutazama zaidi ya hukumu za mahakama, lazima umpe mtu nafasi kubwa zaidi ya kujibu. Ama sivyo kila mwenye ulimi mrefu atakuwa hakimu.

Hapa kwetu twafanya kinyume chake pande zote mbili. Kwa wengi twatazama karatasi ya Polisi tu na kuwafungulia mlango. Kwa wachache twasikiliza mnong'ono na kuwafungia mlango bila ya kuwaambia. Wanaopita kwa kuwa walisitiriwa, na wanaozuiwa kwa kuwa walisengenywa, wote hawakuchunguzwa. Na mgeni atokaye Ulaya na mfuko wa kalamu na picha mkononi, aliyekuja kupumzika siku 10, mara nyingi huingia darasani mashamba akakaa na watoto na kuwapiga picha, na hapana amwulizaye hati yoyote. Mwenzetu alikataliwa kwa mstari mmoja. Mgeni huyo hukaribishwa kwa dafu.

Sasa tufike kwetu makarani, maana hapa ndipo aibu yetu ilipo.

Barua ya uhamisho huandikwa na nani? Faili hutunzwa na nani? Mwalimu au mtumishi anapolalamikiwa na wazazi, na mkubwa akaona ni tabu kuchunguza, husema, “Mhamishe.” Nasi tukapiga barua safi yenye maneno tuyajuayo sote kwa moyo: amehamishwa kwa manufaa ya kazi. Manufaa ya kazi ya nani? Mtu aliyelalamikiwa mjini hupelekwa shamba, ambako wazazi hawana wa kumwandikia, na barua yetu huenda mbele yake kama mbiu ya kumsafishia njia. Uhamisho si adhabu. Ni kulihamisha shoka kutoka shingo hii kwenda shingo ile.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha onywa na mahakama. Mwaka 2010 Tume yao ya Kuajiri Walimu ilitoa waraka, Namba 3, uliosema kuwa hata mwalimu anayejua uovu wa mwenziwe kwa mwanafunzi akanyamaza naye atatiwa adabuni. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu mjini Nairobi, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua katika kesi ya wanafunzi wawili wa kike waliodhulumiwa na mwalimu wao, kuwa mwalimu hakuwa peke yake mwenye kubeba deni. Tume iliyomwajiri na Serikali pia walibebeshwa, na watoto wale wakaamriwa kulipwa jumla ya shilingi milioni 5 za Kenya. Karani asidhani kuwa yeye hapiti katika mlango huo. Leo hajatajwa; kesho faili likifunguliwa, sahihi yake itasomwa.

Na barua za sifa je? Kila mmoja wetu amewahi kuandika barua ya kumsifu mtu asiyemjua vizuri, kwa kuwa aliombwa na shemegi yake, akaona muhali kukataa. Twaandika “mwaminifu, mpole, mcha Mungu,” nasi twamjua kwa kumwona akipita. Barua hiyo huwekwa mezani mwa mtu atakayempa funguo za dakhalia. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wasema wazee. Na mchelea shemegi kununa huliza mwana wa mwingine.

Kwa hayo yote, hivi ndivyo tuonavyo yafaa kudaiwa, na tutayaleta katika mkutano mkuu ili yapigiwe kura.

Kwanza, kila mtu mwenye kukaa na watoto kwa kazi yake achunguzwe kwa kanuni moja: mwalimu, mlinzi, mpishi, dereva, mwalimu wa mpira, na mgeni wa kujitolea. Na walimu wa vyuo vya Kurani tuwaombe kwa heshima waingie katika kanuni hiyo, maana watoto wetu wengi hukaa kwao kabla hawajajua skuli.

Pili, uchunguzi usitosheke na hati ya Polisi. Iulizwe kila afisi na kila skuli aliyopata kufanya kazi mtu huyo, na ijibu kwa maandishi kama kulikuwa na malalamiko ya watoto juu yake, na yaliishaje. Afisi itakayoficha ichukuliwe hatua.

Tatu, anayenyimwa aandikiwe sababu, kwa barua ya siri iliyo mkononi mwake peke yake, na jina la cheo kilichoamua. Jina la mtoto aliyelalamika lisitajwe kamwe. Apewe siku za kujibu, na apewe mahali pa rufaa, kama vile mbele ya Kamisheni ya Utumishi wa Umma.

Nne, mtumishi aliyelalamikiwa na mtoto asihamishwe mpaka uchunguzi umalizike. Aondolewe karibu na watoto, akae katika kazi nyingine, na mshahara wake ulipwe, kwa sababu bado hajahukumiwa.

Tano, nalo ni letu wenyewe: mwanachama asitie sahihi barua ya sifa ya kazi ya watoto ila kwa mtu aliyemwona kwa macho yake akiwa na watoto. Akiona muhali, na aonyeshe waraka huu, aseme chama chake kimemkataza.

Mtauliza, basi mwenzetu yule mlimfanyia nini? Tulimwandikia barua. Hatukuomba apewe kazi. Tuliomba aambiwe sababu, asikilizwe, na kama liko jambo lichunguzwe kwa ukamilifu hata kama mwisho wake utakuwa mbaya kwake. Mpaka waraka huu unapigwa, jawabu haijaja. Mwenzetu alipoisoma barua yetu alituuliza kwa nini hatukuandika kuwa twamdhamini. Tulimjibu kweli, nayo haikuwa nyepesi kuisema mbele ya uso wake: kwamba twamjua miaka 14 akiwa nyuma ya meza, mwenye hesabu safi na maneno mazuri, lakini hatujapata kumwona usiku katika dakhalia, na kuwa baba aliyelala kwake Makunduchi au Mkokotoni, ambaye mwanawe yumo ndani ya dakhalia ile, hana mwingine wa kumuulizia ila sisi.

Aliondoka amekasirika. Ikiwa hana kosa, tutakwenda naye mpaka mlango wa mwisho wa rufaa, na ada yake ya chama haitapotea bure. Ikiwa analo, chama hiki hakikuundwa kuwa pazia. Kujua lipi ni lipi ndiyo haki yake, na ndiyo haki ya wale watoto. Aliyeandika mstari ule mmoja amewanyima wote.

Wassalaam,
Ni sisi wenu katika kazi,
Waandishi wa Waraka